Mishumaa Isiyowashwa

Mwanangu alizaliwa Matombo, kwa mama yangu, kwa sababu kwetu uzazi wa kwanza binti anarudi kwao. Mume wangu alibaki Mafiga, mjini Morogoro, kwenye kazi yake ya kiwanda cha nguo, kiwanda ambacho siku hizo kilikuwa kinafanya kazi wiki moja na kulala mbili. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Niliifunika cherehani yangu khanga, nikapanda gari la mizigo lililokuwa linarudi milimani kuchukua ndizi, tumbo limetangulia, nikiwaambia majirani nitarudi baada ya arobaini na mtoto mnene. Hivyo ndivyo nilivyojisifu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mdomo wangu haukuwa na breki.

Mama mwenyewe ndiye aliyenizalisha. Alikuwa amezalisha nusu ya wanawake wa pale kwetu, hakuhitaji kuitiwa mtu. Mtoto akalia vizuri. Mama akasema, "Wa kike," kisha akamgeuza, akamfunga kwenye kipande cha kitenge na kuniwekea kifuani. Nilimtazama usoni tu. Ana pua ya baba yake, nikacheka, nikalala.

Kwetu mzazi haogeshi mtoto. Anayeogesha ni bibi, na mzazi kazi yake ni kula, kunywa uji wenye pilipili manga nyingi mpaka jasho limtoke, na kunyonyesha. Tena mzazi hatishwi. Nyumba ya jirani iungue, mtu afe, mwizi avunje ghala, mzazi haambiwi, maana akishtuka maziwa yanakata. Nilikuwa najua desturi hiyo tangu mdogo. Nilishawahi kumficha dada mmoja wa ukoo wetu habari ya msiba wa baba yake kwa mwezi mzima, na nikajiona nimefanya jambo la maana sana.

Kwa hiyo mama alimwogesha mtoto nyuma ya pazia, mgongo wake kwangu, na mimi nikala. Nepi zilikuwa zinachafuka, choo chembamba kama uji mwepesi, kimechanganyika na mkojo. Nikamuuliza mama mbona hivi. Akanijibu, "Watoto ndivyo walivyo. Maliza ndizi zako." Wiki ya tatu tumbo la mtoto likaanza kujaa. Mimi, mjinga wa Mungu, nikafurahi. Nikasema si niliwaambia, mtoto mnene! Wanawake waliokuja kunisalimia nikawafunulia khanga waone tumbo lilivyo duara.

Siku alipokataa titi ndipo nilipoacha kucheka. Alikuwa wa moto, analia kwa sauti ndogo ya kukwaruza, na tumbo limekaza ukiligusa linagoma kama mpira. Mama alikuwa shambani. Nikampeleka mtoto mlangoni kwenye mwanga, nikamfungua nepi mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Mimi ni mwanamke, najua tulivyoumbwa. Nyuma, mahali pa haja kubwa, palikuwa pamezibwa kabisa, ngozi tupu. Mbele palikuwa na tundu moja dogo, dogo mno, na palepale nikitazama likatoka tone la mkojo wenye choo ndani yake. Nikamgeuza, nikamgeuza tena. Nikafuta kwa kitambaa nikidhani labda ni uchafu umefunika. Tundu likabaki moja.

Mama akarudi na mkungu wa ndizi kichwani. Sikumpa hata shikamoo. Nikamwambia, "Uliona?"

Hakuuliza nini. Akautua mkungu taratibu, akakaa juu ya kinu. "Niliona."

"Siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza. Nilisema labda patafunguka. Nimewahi kuona mmoja, pakafunguka."

"Na ukaninyamazia! Siku ishirini na tatu, mama!"

"Maziwa yangekata," akasema.

Nikamjibu maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia afadhali maziwa yangekata, afadhali angeniua mimi. Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka kwenye migomba kuja kuona. Mama alikaa pale pale juu ya kinu, mikono mapajani, akinisikiliza. Kisha akainuka, akachukua khanga, akamfunga mtoto mgongoni mwake akatangulia njia ya kwenda zahanati ya misheni, na mimi nikamfuata nyuma nikiendelea kumtukana.

Mtawa aliyekuwa zamu hakutumia muda mwingi. Alimlaza mtoto mezani, akamtazama huku akiinua kidole hewani kama anayeanza kuhesabu, akaishia kwenye kidole cha kwanza. Akasema, "Msichana ana milango mitatu. Wa mkojo, wa uzazi, na wa haja kubwa. Huyu ana mmoja. Nendeni Morogoro sasa hivi, gari letu linashuka." Hakusema pole. Nadhani aliona kwamba nikipewa pole nitadondoka.

Hospitali ya mkoa, daktari wa zamu alimwingiza mtoto mpira mwembamba kwenye lile tundu, na mkojo ukatoka, ukatoka, mpaka muuguzi akabadilisha chombo. Tumbo nililojisifia lilikuwa mkojo. Kwa kadiri nilivyoelewa, mkojo ulikuwa umerudi kwenye njia ya uzazi ukaijaza kama kiriba, kile kiriba kikakandamiza kibofu, na kibofu kikazirudishia figo maji yao. Daktari aligeuza fomu akachora upande wa nyuma mabomba matatu yanayoungana ndani na kutokea mlango mmoja. Alisema, "Watoto wasio na njia ya nyuma nimewapasua wengi. Huyu si kama wao. Nikijaribu kumtengeneza hapa nitamharibu. Nitamtolea choo tumboni apone, nitaacha njia ya kumwaga ule mkojo, halafu akikua mtakwenda Dar es Salaam." Nilimheshimu mtu yule kwa kusema hivyo. Wangapi wangekata tu waone!

Akatolewa choo tumboni, upande wa kushoto. Kipande cha utumbo kilitokeza nje, chekundu, kinang'aa, kama nyanya iliyomenywa. Mume wangu alipokiona alitoka nje ya wodi na hakurudi mpaka jioni. Mifuko ya kubandika ya kukinga choo haikuwepo, au kama ilikuwepo sisi hatukuifikia. Kwa hiyo nikashona. Miaka hiyo mitumba ilikuwa imefunguliwa milango, kila kona ya soko marobota yanapasuliwa, na hakuna aliyetaka tena gauni la kushonwa na fundi wa Mafiga. Biashara yangu ilikuwa imekufa wima. Basi nikawa nanunua fulana za mitumba, laini, zilizofuliwa mpaka zimechoka, nikazikata, nikazishonea mikanda yenye lastiki, pedi ya tumbo na pedi ya chini. Za chini zilikuwa nyingi zaidi, maana mkojo ulikuwa hauna mwenyewe. Ulidondoka asubuhi, mchana, akilala, akicheka. Nyumba ilinuka, nisiseme uongo. Alipoanza kuongea alikuwa anakuja kuniambia "Mama, nimekojoa," na maji yameshafika kwenye kandambili.

Mume wangu alipopunguzwa kazini alikwenda Dar kutafuta maisha, akawa anakuja na kuondoka. Simlaumu, au niseme simlaumu sana. Aliyekuja kukaa na mimi Mafiga ni mama. Aliacha shamba lake, akaja na kikapu na jembe, jembe la nini mjini sijui, akalisimamisha nyuma ya mlango. Hatukuwahi kuzungumza tena habari za zile siku ishirini na tatu. Mimi nilikuwa namrushia maneno kwenye mambo mengine, chumvi imezidi, maji hayajachotwa, na yeye alijua fika ninasema nini.

Mtoto alipofika miaka miwili tukaitwa Dar. Daktari wa upasuaji wa watoto alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye vidole vyembamba kama vya msichana. Alimpiga picha ya eksirei yenye dawa, akatuonyesha kwenye mwanga jinsi zile njia tatu zinavyokutana. Alisema pale zinapoungana ni pafupi, na kwamba hilo ni jambo jema, kwa sababu zikiungana mbali kazi inakuwa nyingine kabisa. Atamlaza kifudifudi, atampasua katikati kutoka nyuma, atazitenganisha njia zote, kila moja aipeleke mahali pake. "Choo nina matumaini nacho," akasema. "Njia ya uzazi pia. Mkojo siwezi kukuahidi. Wapo wanaoweza kuuzuia wakikua, wapo ambao hawawezi kamwe."

Walimchukua asubuhi. Mimi na mama tulikaa kwenye benchi la nje ya thieta, yeye na rozari, mimi na kucha zangu. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama. Walipomtoa, bado kalewa nusu kaputi, midomo imekauka, muuguzi akanifunulia shuka. Palikuwa pamevimba, nyuzi tupu, damu damu, lakini nilihesabu. Moja, mbili, tatu. Nikamkumbatia mama mbele za watu, kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu nitoke Matombo.

Mtu akikuambia upasuaji ndio mwisho wa kazi, mkatalie. Baada ya wiki mbili sista wa wodi, mama mnene mwenye sauti ya amri, aliniita pembeni akanionyesha kazi yangu. "Kidonda chochote kinataka kufunga," akasema. "Mwili haujui kwamba hizi ni njia. Unadhani ni jeraha. Usipotanua kila siku, zinajifunga." Vyuma vya kutanulia vilikuwa vya hospitali na havitoki, lakini wodi ile ilikuwa na njia yake. Walitumia mishumaa. Mshumaa wa kawaida wa dukani, unachongwa ncha kwa kisu, unasuguliwa kwa kitambaa chenye maji moto mpaka ulainike, unavalishwa kidole cha glovu, unapakwa mafuta ya mgando. Unene wake unapimwa kwa kadi ya kadibodi ambayo sista mwenyewe alikuwa ameitoboa matundu, kila tundu na namba yake. Mshumaa ukipita tundu la tatu kwa kubana, basi huo ni namba tatu. Asubuhi na jioni. Kila wiki mbili unapanda namba, mpaka namba nane, kisha unakaa hapo miezi. Akanipa kadi na mishumaa minne. Aliniambia, "Atalia. Wewe fanya."

Tukafanya. Mama alimshika miguu, mimi nikaingiza. Alilia mpaka sauti ikakatika. Alimwita bibi yake amwokoe, na bibi yake ndiye aliyemshika. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa askari. Namba moja, mbili, tatu, nne. Majirani walikuwa wanapandisha redio. Ilipofika zamu yetu ya mgao wa umeme hatukuweza kuwasha mshumaa ndani ya nyumba, kwa sababu akiuona tu anakunja miguu na kutapika, kwa hiyo tukawa tunatumia koroboi, moshi umejaa puani. Akawa ananiogopa. Nikinawa mikono tu, hata kama ninataka kukanda unga, anakimbilia chini ya cherehani.

Asubuhi moja alijificha hukohuko. Nikamvuta mguu, nikamtoa. Safari hii hakulia. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akaniambia polepole, kama anayenieleza jambo ambalo mimi sijalielewa: "Mama, leo sijafanya kosa. Leo mimi mzuri. Muulize bibi."

Mungu wangu. Kumbe miezi yote ile mtoto alikuwa anajua anaadhibiwa. Kila jioni alikuwa analala anatafuta kosa lake.

Nikauweka mshumaa chini. Siku hiyo sikufanya. Kesho yake nikasema nitafanya jioni, jioni nikasema kesho. Baadaye nikawa nafanya Jumapili tu, na namba ileile ya nne, na kwa juu juu. Nilijiambia kidonda kimepona, kinaonekana kizuri, ona kilivyo safi. Nilijiambia madaktari wanazidisha. Nyumba ikatulia. Mtoto akaanza kucheka, akanenepa mashavu, akaja kukaa mapajani kwangu mwenyewe bila kuitwa. Niseme ukweli wote: wiki zile zilikuwa wiki nzuri kuliko zote nilizokuwa nimeishi naye. Mama aliona kila kitu. Jioni alikuwa anaweka maji moto na mafuta pale mkekani kama kawaida, anasubiri, halafu anayaondoa.

Siku ya kliniki Dar, daktari alivaa glovu akajaribu kidole kidogo. Hakikuingia. Akaomba chuma chembamba kabisa, nacho kikagoma. Mtoto alipiga ukelele mmoja nikausikia kwenye meno. Daktari akavua glovu. "Nyuma pamefunga. Mbele pia pamefunga. Mama, ulikuwa unatanua?"

Nilifungua mdomo. Mimi, mwanamke ambaye sokoni wananiogopa, mdomo ukabaki wazi, ulimi hauna kazi.

"Ni mimi, baba," mama akasema kutoka nyuma yangu. "Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwonea huruma mjukuu wangu. Yeye alitaka, mimi nikamfichia mishumaa."

Daktari alimgeukia. Hakupiga kelele, lakini afadhali angepiga. "Bibi, unajua ulichokifanya? Nyama ya kutengenezea huyu mtoto haitoshi kuchezewa. Nitamfungua tena mara ya pili. Ya tatu haipo. Pakifunga tena atabaki na choo tumboni maisha yake yote, na mkojo utarudi juu kwenye figo, na figo zikifa hapa kwetu sina cha kumpa. Umenielewa? Kuanzia leo usimguse. Urudi kwako."

"Nimekuelewa, baba," mama akasema.

Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa na nafasi, daktari alikuwa anaandika kwenye faili, kalamu inakwenda, nami nikaiangalia ikienda. Nje kwenye korido nikamshika mama mkono nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, "Wewe ndiye utakayerudi hapa na mtoto kila mara. Wakikuchukia wewe, watamtazamaje yeye? Mimi hata wakinichukia, naondoka." Akajitanda khanga. Alipanda basi la Morogoro siku hiyohiyo, na kesho yake, nikaja kusikia, alikuwa ameshafika Matombo.

Mtoto akapasuliwa mara ya pili. Nilikaa kwenye lile benchi peke yangu. Wiki mbili, kisha mishumaa mipya, namba moja tena, mwanzo kabisa. Nikarudi naye Mafiga, nyumba tupu.

Jaribu kumshika mtoto wa miaka mitatu miguu yote miwili kwa mkono mmoja, na mkono mwingine uwe mwepesi usimchane. Siku ya kwanza nilishindwa. Siku ya pili nilimkalia, ndiyo, nilimkalia mwanangu kama mbuzi wa kuchinjwa, nikaweza kidogo. Siku ya tatu alirusha mguu, mshumaa ukavunjikia mkononi mwangu, na kwenye mafuta nikaona damu. Nilikaa sakafuni naye, wote wawili tunalia kwa sauti, majirani wamepandisha redio zao. Nilijua kwamba kesho sitafanya. Nilijijua. Nilishaiona njia ile ya kesho na keshokutwa, na nilijua inakoishia.

Alfajiri nikamfunga mgongoni nikapanda kwenda Matombo. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anaanua iliki. Nikasema, "Shikamoo mama. Nimeshindwa. Turudi wote."

"Marahaba. Daktari amekataza."

"Amekataza kwa uongo wako!"

"Basi kauondoe," akasema, hata mikono yake haikusimama. "Mtoto wa watu siendi kumshika kwa kujificha. Ukishamwambia, mimi niko tayari hata leo."

Nilikasirika mpaka nikapiga teke ungo. Kisha nikaokota iliki moja moja, muda mrefu, na mama akiokota upande wa pili. Tulipomaliza akaingia ndani kufunga kikapu chake.

Tulifika Dar kabla ya siku yetu. Nilisubiri mpaka mchana, watu wamejaa, na daktari alipotoka kwenye chumba chake nikamwamkia na kumwambia palepale mbele ya foleni, maana nilijua nikiingia ndani nitageuza maneno. "Daktari, mama yangu alikudanganya. Hakuficha kitu. Ni mimi niliyeacha. Yeye alikuwa anachemsha maji kila siku na mimi nikakataa."

Watu wa foleni wakanigeukia. Akaniuliza kwa nini, na hakuuliza kwa ukali. Nikamwambia mtoto aliniambia hajafanya kosa.

Alimwangalia mtoto mgongoni mwa mama. Kisha akamwita yule sista mnene. "Huyu mtoto ameelezwa?"

Sista akaniangalia. Mimi nikamwangalia mama. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Tulikuwa tumemshika, tumembembeleza, tumempa pipi, tumemficha mishumaa mpaka dakika ya mwisho ili asiogope, kama vile kwetu tunavyomfanyia mzazi aliyejifungua. Mwili ni wake, na wote tuliujua isipokuwa yeye.

Sista akamketisha kwenye meza, akatoa ile kadi ya matundu. Sauti ya amri ileile. Alimwambia, "Sikiliza, bibi mdogo. Hujafanya kosa lolote. Ulizaliwa milango yako imeshikana. Daktari amekutengenezea mingine. Sasa hiyo milango ina ubishi, inataka kujifunga. Mama anaizuia. Inauma?"

"Inauma," mtoto akasema.

"Inauma sana. Tukifika tundu hili hapa, tunapumzika." Akamwekea kidole kwenye namba nane.

Mtoto akaitazama kadi, akachungulia kwenye kila tundu. Akauliza, "Leo tupo lipi?"

Akapewa kadi iwe yake. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyepima mshumaa, anasukuma kwenye tundu, ananionyesha. Yeye ndiye aliyesema "haya." Bibi yake alimshika mikono badala ya miguu. Alilia, jamani, msidhani hakulia, na siku nyingine alinitukana matusi ambayo najua aliyaokota kwangu. Lakini hakujificha tena. Namba tano ilichukua mwezi mzima, na mwezi ule nilikuwa naota kadibodi. Tulipofika nane, tukakaa nane, na daktari wa Dar akajaribu kidole chake kikapita. Mwaka uliofuata akalifunga tundu la tumboni. Siku ya kwanza alipotoa choo kwa njia yake, mama alipiga vigelegele uani, na majirani wakaja mbio wakidhani tumepata mchumba.

Uliobaki ni mkojo. Mpira wa mkojo aliowekewa siku ya upasuaji ulikuwa umeshatolewa, na mkojo ukarudi kudondoka kama zamani. Daktari alisema tusubiri. Tukasubiri mwaka. Nikamuuliza, akasema tusubiri tena, na safari hii hakunitazama usoni. Mtoto alikuwa anaingia miaka saba. Watoto wenzake pale mtaani walikuwa wanaziba pua akipita, na mmoja alimtungia jina, nikaenda kwao nikapigana na mama yake. Nilikwenda kumwandikisha shule, nikarudi na daftari tupu, kwa sababu nilifika mlangoni kwa mwalimu nikashindwa jinsi ya kuanza. Usiku sikuwa naomba tena. Nilikuwa nimeshamwambia Mungu mara nyingi mno, ikawa kama namfokea.

Hata hivyo nilimshonea sare. Nilijiambia asome hata mwezi mmoja, wakimfukuza wamfukuze. Mchana ule nilikuwa kwenye cherehani, sketi ya bluu mapajani, na chini yake lundo la pedi nilizozikata nene kuliko zote nilizowahi kukata, sita za kuvaa na sita za kubadilisha. Uzi ulikuwa unakatika kila mara na nilikuwa nimechemka. Akaja akasimama mlangoni.

"Mama, nataka kukojoa."

Sikuinua kichwa. Nilishayasikia mara elfu. "Sasa unaniambia nini na umeshajikojolea? Nenda kavue. Chukua nyingine pale kwenye kamba, na hiyo uiloweke, usiitupe chini."

Hakuondoka. Nikasikia anahamisha mguu mmoja juu ya mwingine.

"Bado, mama," akasema. "Ndo maana nakwambia."